Fasi ya mama nyuma ya kinga

Leo nimejifunza kuruka na kinga, ni kusema baiskeli, na nimevunja mama yangu moyo.

Ile kinga ilikuwa ya yaya yangu Kambale, kaka yangu mukubwa, mwenye alikufa mwaka jana. Kila siku ya Mungu, Jumapili, alikuwa anapelekaka mama ku misa nayo. Mama anaikala nyuma ku porte-bagage, ile chuma ya kubebea mizigo, juu ya coussin, mto kadogo kenye yaya alimushonea. Tangu matanga, mama hajaikala pale tena.

Sasa, ku camp yetu ya basichana ya michezo ya kinga hapa Butembo, monitrice, mwalimu wetu, akaangalia kinga yangu.

"Masika, ule uzito wa nyuma unakuzuia. Utoshe ile chuma, uiondoe."

Boulons, zile skrubu zake, zilikuwa na kutu, donc tukazikata na musumeno.

Nikaruka. Benzangu bakapiga makofi. Nilicheka, mais kucheka ya kweli, yenye nilikuwa nimesahau.

Kufika nyumbani, mama iko ku mulango. Amevaa kikwembe ya misa. Mu mukono iko na ile coussin.

"Leo nimejikaza," akasema. "Unipeleke ku kaburi ya yaya yako."

Kisha akaangalia nyuma ya kinga.

Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Uliitupa?"

"Hapana, mama," nikajibu. "Ile chuma iko mu sac yangu ya mugongoni."

Tulienda kwa miguu, miye nasukuma kinga. Kufika, mama akaweka coussin chini, pembeni ya kaburi, akaikala.

Mwenye anajua soudeur wa kazi nzuri, wa kuchomelea ile chuma irudi ku kinga, hata kama iko Beni, aniandikie hapa.

Kuruka itangojea.