Kifuniko chenye Rangi ya Ufizi

Nikuulize bila kukuzungusha: ni kitu gani unachokipenda ambacho hakikuletei faida yoyote? Usiniambie familia, wala dini. Nitajie kitu. Ukikosa jibu, usijilaumu sana. Huku kwetu Kisii mtu akipanda mti ni wa kuni au wa mbao. Akifuga ng'ombe ni wa maziwa. Akinunua gari, ni lazima libebe ndizi, mgonjwa, shangazi, na siku moja jeneza. Anayependa kitu kwa kuwa tu anakipenda tunamtazama kama mtu aliyetoka nyumbani na viatu visivyolingana. Mimi nasema hiyo ndiyo njaa yetu nyingine, ile tusiyoiombea msaada. Ndiyo maana nataka umjue Persis Nyanchera.

Persis ni fundi wa meno ya bandia. Chumba chake cha kazi kiko mjini Kisii, juu ya duka la vitambaa. Nilikwenda huko kupeleka meno ya mama yangu, ambayo yalikatika katikati alipouma muhindi wa kuchoma aliokatazwa. Kwenye rafu mataya ya plasta yalikuwa yamepangwa mstari, kila moja limeandikwa jina la mwenyewe kwa penseli. Katikati yao palikuwa na plasta ya umbo nisilolijua: kama kikombe kilichopinduliwa, chenye minara mitano midogo juu yake.

"Na haya ni ya nani?" nikauliza.

"Hayo ni ya gari."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alifungua droo akanipa kitu chenye umbo lile lile, kizito kidogo, laini, cha rangi ya waridi kama ufizi wa mtoto. Kilikuwa kimetengenezwa kwa plastiki ile ile inayoshika meno ya mama yangu.

"Ni kifuniko cha distribyuta," alisema. "Umeme wa kuwasha petroli unapitia hapa, unagawiwa silinda moja moja kwa zamu. Kile cha zamani kilipasuka. Unyevu ukiingia kwenye ufa, umeme unapotea njia. Gari linakohoa mara mbili, linazima."

"Na huku mvua inanyesha kila alasiri."

"Ndiyo. Kwa hiyo kila alasiri mimi hutembea kwa miguu."

Gari lenyewe ni dogo, la Waingereza, la viti viwili, paa la turubai, na lina umri mkubwa kuliko Persis mwenyewe. Alilikuta Nyamarambe, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja fundi cherehani, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Hakuna anayejua lilifikaje huko. Mmoja atakwambia liliachwa na daktari wa mifugo, mwingine atakwambia ni padri. Mjane alikubali kuliuza kwa sharti kwamba kuku aliyekuwa akiatamia aachwe kwanza aangue. Persis akasubiri vifaranga. Tangu hapo kila Jumamosi humkuta chini ya gari hilo. Vipuri vyake havipo tena dukani, basi hutengeneza mwenyewe kwa kile anachokijua. Kirungu cha gia ni cha rangi ya ufizi. Swichi ya taa ni ya rangi ya ufizi. Vipande vya shaba ndani ya kifuniko kile alivikata kutoka bomba bovu la maji, na kale kachuma keusi ka katikati ni kaboni ya betri ya tochi.

"Hiki unachokishika ni cha pili," aliniambia. "Cha kwanza nilikipika haraka. Maji yalichemka kwa fujo, plastiki ikaingia mapovu. Jicho halioni mapovu hayo, lakini umeme unayaona. Nilifika Masimba, mvua ikaanza, basi. Gari liko huko mpaka leo."

"Na ukimpikia mtu meno haraka hivyo?"

"Yanakatika akiuma muhindi." Aliyatazama meno ya mama. "Lakini haya sikuyatengeneza mimi."

Niliuliza maswali mengi hata akachoka. Mwishowe akasema, "Jumamosi nina kiti kimoja kitupu. Sina kingine. Njoo uone mwenyewe." Halafu akanieleza kwa nini Jumamosi hiyo haikuwa kama nyingine.

Nyumbani kwao ni Nyansiongo, kwenye yale mashamba ya Borabu yaliyokuwa ya walowezi. Baba yake, Mzee Anyona, ana banda la mabati ambamo gari hulala. Kaka yake Fred, anayelima na kufuga hapo, analitaka banda hilo kwa ndama wake. Fred si mtu mbaya. Baridi ya Borabu inaua ndama kweli. Lakini alisema mbele ya baba yao kwamba binti hana banda kwao, banda lake liko atakakoolewa. Na mjini Persis amepanga chumba tu, hana pa kuliweka gari. Likikosa banda, linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao tayari walikuwa wamekuja kulipigapiga kwa nyundo. Mzee, ambaye alikuwa ameona gari hilo likiletwa na trekta huku majirani wakishangilia, aliamua hivi: lilete siku ya mvua. Likifika lenyewe, banda ni la Persis. Likivutwa tena, liende.

Damu ilinichemka. Nilianza kumsomea yale ambayo katiba yetu inasema juu ya mabinti na mali za wazazi wao, na nilikuwa sijafika mbali.

"Ndugu yangu," alisema, "acha katiba ipumzike kidogo. Nishikie hii bisibisi."

Jumamosi tulishuka Masimba. Gari lilikuwa katika stoo ya Yakub, muuza vifaa vya ujenzi. Ukoo wa Yakub umefanya biashara mjini Kisii tangu enzi za babu yake, naye ndiye wa kwanza kuleta misumari na rangi mpaka Masimba.

"Daktari," alimwambia Persis, "mimi nauza simiti. Sijaweka bango la kulaza wagonjwa."

"Mgonjwa anatoka leo, Yakub."

"Ulisema hivyo hata siku ile. Nikaenda kuswali alasiri, kurudi nakukuta chini ya kibaraza changu umeloa kama kuku."

Persis alifunga kifuniko kipya, akachomeka nyaya zake tano, akamwomba Yakub azime taa na kufunga mlango. Giza likajaa stoo. Aliwasha injini, kisha akachukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya vinyozi, akaanza kukilowesha kifuniko. Yakub alininong'oneza kwamba safari iliyopita cheche za buluu zilitembea juu ya kile cha kwanza kama mchwa. Tuliinama vichwa vitatu juu ya boneti. Maji yalidondoka. Injini iliendelea kuguna kwa mdundo mmoja. Hakuna cheche hata moja iliyotoka.

"Subhanallah," alisema Yakub polepole. "Nikizeeka, meno yangu utanipikia wewe."

Tulitoka Masimba wingu likiwa limeshainama juu ya vilima. Kukaa ndani ya gari lile ni kama kukaa kwenye karai linalojua kona. Barabara unaiona karibu na kiuno chako, magurudumu ya malori yako usawa wa kichwa chako. Nilielewa ghafla, bila mtu kunieleza, kwa nini mtu anaweza kulisubiri hata kuku aangue. Kila kona ilikuwa na jambo la kusema. Persis alikuwa akiendesha kimya, kichwa kimeinama upande, akisikiliza.

Mvua ilitukuta Keroka. Ilianguka kama mtu anayemwaga debe. Turubai lilivuja juu ya magoti yangu. Vijana wa bodaboda waliojibanza chini ya paa la duka walitupigia kelele.

"Madam, hiyo ni gari ama ni kiatu?"

"Ni kiatu," Persis alijibu kupitia dirishani, "na leo kinatembea."

Kila tulipokaribia dimbwi nilishika kitasa cha mlango.

"Unashika mlango wa nini?"

"Niwe tayari kusukuma."

"Achilia. Unanitia wasiwasi."

Injini haikukohoa. Tulipita mashamba ya chai yaliyofifia kwenye mvua, tukapita mahindi, tukaacha lami na kuingia njia ya udongo inayokwenda kwa Mzee Anyona. Hapo ndipo nilipoona tatizo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Lori la maziwa lilikuwa limechimba mifereji miwili mirefu katika njia ile, na katikati udongo umebaki kama mgongo wa ng'ombe. Gari letu lilitembea juu ya mgongo huo mpaka karibu na ua wa jirani, Nyakundi. Kisha tumbo lake likakaa juu ya udongo, magurudumu yakaanza kuzunguka hewani. Lango la kwao lilikuwa pale mbele, tunaliona.

"Usizime," nilisema.

"Sizimi."

Nyakundi alitoka na wanawe na mkewe, gunia kichwani kukinga mvua. Alituzunguka mara moja, akainama, akashika bampa akalipima uzito kama mtu anayenunua mbuzi.

"Hii ni nyepesi," alisema kwa mshangao. "Persis, kaa ndani. Shika usukani."

Walilinyanyua. Nami nilishika pembe moja, na naapa meza ya harusi ni nzito zaidi. Tulilitembeza hivyo, Persis ndani, injini ikinguruma, mpaka kwenye majani karibu na lango, tukaliweka chini. Persis akatia gia, akaingia uani kwa magurudumu yake mwenyewe.

Fred alikuwa ameegemea nguzo ya lango, koti begani. Nyuma yake niliona banda. Ndama walikuwa wameshaingizwa ndani.

"Hiyo haijafika," alisema. "Imefikishwa."

"Trekta iko wapi?" Nyakundi akamuuliza. "Mimi sijaona trekta."

"Watu watano ni trekta."

Nilifungua kinywa. Persis alikuwa ameshashuka, akanikanyaga mguu. Mzee Anyona alisimama mlangoni, shuka mabegani, akitazama matope kwenye tumbo la gari.

"Bwairire," alitusalimu. "Kuleni kwanza. Hayo mengine ni ya asubuhi."

Tulikula ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga. Mzee aliuliza swali moja tu usiku huo.

"Lilizima mahali?"

"Hapana, Tata."

"Hata Keroka?"

"Hata Keroka."

Akaendelea kula. Persis hakula. Alikuwa akifinyanga tonge lake kwa vidole, akilipa umbo, akilivunja, huku nje mvua ikipiga turubai la gari lililolala uani bila banda.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na sauti ya mawe yakimwagwa. Nilitoka nje. Ukungu ulikuwa mzito, lakini nilimwona Fred njiani na toroli, gambuti zimejaa tope hadi magotini, akijaza mawe kwenye mifereji ya lori. Mzee Anyona alikuwa amesimama kando, akimwonyesha kwa kidole mahali palipobaki.

"Bwakire," niliwasalimu. "Kuna nini?"

"Muulize mzee," alisema Fred bila kuinua kichwa.

"Hii gari niliisikia tangu kwa Nyakundi," alisema Mzee. "Ilikuwa inanguruma. Yenyewe haikushindwa. Barabara ndiyo ilishindwa. Na huyu kila siku ananiambia boma ni lake, yeye ndiye mwana wa kiume. Sawa. Basi na barabara ya boma ni yake."

"Na ndama, Tata?" Fred akauliza.

"Ndama muulize mwenye banda. Ukimwomba vizuri atakupa kona."

Persis alikuwa amesimama kando ya gari, kikombe cha chai mkononi, nywele bado zina kilemba cha kulalia. Fred alitua toroli akamwendea, akifuta mikono kwenye suruali.

"Tumbo lake liko juu kiasi gani?" alimuuliza. "Nijue kina cha mawe."

"Pima mwenyewe."

Fred alitazama majani yaliyolowa, akatutazama sisi, akalala chali, akajisukuma chini ya gari mpaka zikabaki gambuti peke yake. Tulisikia akipima kwa ngumi yake kutoka ardhini.

"Ngumi moja na nusu," alisema kutoka chini.

Tulimngoja atoke. Hakutoka. Gambuti zilisogea kidogo kulia, kisha kushoto. Mzee alikohoa.

"Persis," Fred aliita baadaye. "Hii bomba nyembamba inaenda wapi?"

Persis aliweka kikombe juu ya boneti, akalala kwenye majani mabichi kando ya kaka yake, akajisukuma naye chini. Toroli lilibaki njiani na mawe yake.