Jina Ukingoni mwa Kreta

Lorene Tackett alichora ramani za Mwezi, na vidole vyake vilinuka rangi hata Jumapili kanisani. Kazi hiyo aliipata kwa sababu ya keki. Zamani alipamba keki katika duka la mikate hapo mjini Flagstaff, na bwana mmoja wa ofisi ya ramani, aliyekuja kuchukua keki ya harusi ya bintiye, akasimama kumtazama anavyopuliza rangi kwenye maua ya sukari. Mwezi uliofuata Lorene akawa anapuliza kreta, yale mashimo ya duara yaliyo usoni mwa Mwezi.

Chumba chao kilikuwa na meza zilizoinama na madirisha yanayotazama misonobari. Kila mchoraji alibandika picha kubwa ya darubini mbele yake, akashika bomba dogo la hewa, akapuliza kijivu juu ya kijivu mpaka karatasi bapa ionekane ina mashimo. Ukingo ulitaka mkono mwepesi. Kuta za ndani, pale zilipoporomoka zikafanya ngazi, zilitaka subira. Halafu sakafu, halafu kilima cha katikati kwa zile kreta kubwa. Kivuli kilikaa upande mmoja tu kwenye ramani yote. Mkuu wao, Bwana Stenger, alikuwa mkali kwa jambo hilo, na nyuma ya mgongo wake walimwita Mzee Kivuli.

Majina hawakuyatoa wao. Yalitoka juu, kwa wakubwa, nayo yalikuwa ya wataalamu na mabaharia waliokwisha kufa. Kufa ndilo lililokuwa sharti. Kreta ndogo zilizoizunguka kreta yenye jina zilipata jina hilohilo na herufi. Zile ndogo zaidi hazikupata kitu.

Hizo zisizo na kitu ndizo wachoraji walizozichukua. Mmoja wao akifiwa, wenzake walitafuta kreta ndogo kwenye karatasi anayoichora, wakaandika jina la marehemu ukingoni kwa penseli ya buluu hafifu, ile ambayo kamera ya uchapaji haiioni. Ramani ikichapwa, jina halipo. Hakuna aliyesema neno. Mfiwa alirudi kazini, akainamia karatasi, akalikuta. Lorene mwenyewe ndiye aliyeandika jina la marehemu mama wa Maxine Pruitt, mwenzake wa meza ya jirani, na Maxine alishinda siku nzima akipuliza kuzunguka hapo kama anayemfunika mtoto blanketi.

Royce, mtoto pekee wa Lorene, alikuwa vitani Vietnam. Helikopta yake ilianguka msituni wakati wa mvua. Wenzake wawili walipatikana, wamekufa. Yeye hakupatikana. Jeshi lilisema hajulikani alipo, na Lorene akaishi ndani ya maneno hayo. Aliyajua magari yote ya mtaa wao kwa mlio. Ukipita mlio mgeni aliweka kikombe chini na kungoja hadi upotee. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, alifagia theluji kwenye ngazi za mbele, kwa sababu hakutaka Royce akirudi na mguu mbovu ateleze.

Asubuhi moja ya Februari alivaa koti la kazi, akaketi, akaona ROYCE kwa buluu, pembeni ya kreta ndogo aliyokusudia kuianza siku hiyo.

"Nani kaandika hapa?" aliuliza.

Maxine alikuwa anasafisha bomba lake. "Tulia kwanza, mwenzangu."

"Nimetulia. Nani?"

"Mimi."

"Umesikia nini ambacho mimi sijasikia?"

"Sijasikia kitu. Mumeo Harlan alinipigia Jumapili, akasema kuna ibada ya kumuaga Royce Jumamosi hii. Nikajua mmekubaliana." Maxine alimtazama usoni, mkono wake ukasimama. "Lorene. Hamjakubaliana?"

Lorene alichukua kifutio. Alifuta taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka karatasi ikaota manyoya.

Jioni alimkuta mumewe mezani, anakula maharage na mkate wa mahindi, vumbi la kiwanda cha mbao bado kwenye nyusi.

"Umemzika mtoto wangu kwa simu," Lorene alisema.

"Wetu," alisema Harlan. "Na nilitaka kukuambia."

"Lini? Jumamosi, njiani?"

"Kila nikifungua mdomo unaenda dirishani." Aliweka kijiko. "Kaa basi. Wale wawili, unajua walivyokutwa."

"Najua."

"Na yeye alikaa katikati yao."

"Hakukutwa, Harlan."

"Hakukutwa, ndiyo. Wewe umepata neno la kushika. Mimi sina." Sauti yake haikupanda. "Nikilia hapa ndani unanitazama kama nimemsukuma mimi kaburini. Naenda kulia nyuma ya magogo, vijana wa kazini wanajifanya wanatafuta msumeno. Nataka kulia ndani ya jengo, mke wangu, na watu wakae karibu yangu. Basi."

"Siji."

"Sijakulazimisha."

Alimaliza maharage yake. Lorene aliosha sufuria ambayo haikuwa chafu sana, akaenda dirishani.

Siku mbili baadaye alipuliza ile kreta. Rangi ilitulia kila mahali isipokuwa pale alipofuta. Hapo manyoya ya karatasi yaliinywa, ikafanya doa jeusi lenye weupe upande wa pili, kama kitu kilichoinuka. Bwana Stenger alipita na lenzi yake akasimama.

"Bi Tackett, kilima hiki umekitoa wapi?"

"Sikukichora."

"Naona hukukichora, lakini kipo. Kwenye picha hakipo. Kuna vijana wanataka kushuka huko siku moja, usiwawekee kilima mlangoni." Halafu akaliona lile eneo lililochubuka, akaelewa, maana naye alikuwa na jina la ndugu yake kwenye karatasi ya zamani. Alishusha lenzi. "Karatasi inaondoka Jumatatu. Nampa Maxine amalizie."

"Ni yangu," alisema Lorene. "Nitakuja Jumamosi."

Jumamosi alikuwa peke yake katika chumba cha kazi. Alikwangua kilima kwa wembe. Kila alipokwangua karatasi ilizidi kuwa nyembamba na doa lilizidi kutanuka, mpaka akaona hakuna njia ila kuikwangua kreta nzima, kuisugua karatasi ilainike, na kuianza upya. Akaianza. Ukingo, kuta, sakafu. Aliipuliza kama ilivyokuwa kwenye picha, bila jina na bila herufi, na ilipokauka hakuna ambaye angejua kwamba palikuwa na neno hapo. Alikuwa ameshinda. Hakuna sehemu yoyote, hata Mwezini, ambapo mwanawe aliandikwa pamoja na wafu.

Alikaa akiitazama. Alimfikiria Harlan kwenye benchi la mbele, na nafasi kando yake ambayo hakuna mtu angethubutu kuikalia kwa kuwa ilikuwa ya mkewe, na vidole vya Harlan vilivyokatwa na msumeno vikikunja karatasi ya nyimbo. Ndugu zake Harlan wote walikuwa wamekufa. Angekuwa analia pale na pembeni yake hewa tupu.

Aliliacha bomba bila kulisafisha, akatoka na koti la kazi vilevile.

Kanisani mchungaji alikuwa tayari anaomba. Lorene alipita katikati, viatu vikidondosha theluji, watu wakimtazama mikono yenye rangi. Aliketi kando ya mumewe. Mchungaji alipotaja jina la Royce na watu wote wakasimama, yeye hakusimama. Harlan alikuwa ameanza kusimama. Alimtazama, akarudi kukaa. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti mbaya, kama mtu anayekohoa mfupa, na Lorene alimshika shingoni kwa nyuma mpaka kilio kikaisha.

Nje waliingia kwenye gari lao. Kioo cha mbele kilikuwa kimeganda barafu. Harlan aliwasha injini wakangoja iyeyuke.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja kwa ajili yako. Yeye sijamuaga."

Harlan aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Alifuta kioo upande wake, kisha akanyoosha mkono akafuta na upande wa Lorene, kwa sababu alijua kwamba njia nzima mpaka nyumbani mkewe angekuwa anatazama barabara.