Neno Nililolizua Nikapewa Kamusi

Nakumbuka Jumamosi moja nikiwa kidato cha tatu, mjukuu wangu, siku niliyopigiwa makofi kwa neno ambalo halipo duniani. Usicheke kwanza. Nakuona hapo unavyoiandikia simu herufi zako ikutafutie maneno ya Kiingereza, ya herufi tano, ya herufi sita, nayo inakumiminia tu. Sisi kule shuleni Sola tulikuwa na vichwa vyetu, na kamusi moja iliyofungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Shindano lenyewe lilikuwa hivi. Mwalimu anaandika ubaoni idadi ya herufi, na herufi mbili ambazo lazima ziwemo. Wewe unataja neno la Kiingereza, mwenzako anataja lake, mnapokezana mpaka mmoja akwame. Aliyekwama anakaa chini, anayebaki wa mwisho anapewa kamusi mpya ya zawadi. Ukitaja neno la ajabu, unaulizwa maana. Ni hayo tu, lakini jamani, tulilitolea jasho kuliko palizi ya pamba.

Mwaka ule walikuja wenzetu wa shule ya Lalago. Tegemeo lao alikuwa Minza, binti mwembamba, mpole, sauti yake ukiitaka uisogelee. Tukiwa bombani tunakunywa maji kabla ya kuanza, akaniambia kwao hakuna kamusi kabisa. Maneno yote aliyokuwa nayo aliyanakili kwenye madaftari makuukuu, kutoka kwenye kamusi ya kuazima ambayo alishairudisha. "Nikiipata ile ya zawadi," akasema, "mtihani wa mwakani hautanisumbua." Kwa hiyo nilijua, mwanangu. Nilijua kabla sijafanya nilichofanya.

Wakakwama wote, tukabaki wawili, mimi na yeye. Mwalimu mgeni aliyeitwa awe mwamuzi akaandika: herufi sita, ziwemo Z na B. Nikasema "zebras". Minza akasema "blazer". Zamu yangu. Nikatafuta kichwani, hamna kitu. Darasa zima linanitazama, wadogo zangu wamejazana dirishani, na mimi nilikuwa msichana wa sifa, kijiji kizima kinajua Nkamba hashindwi! Basi mdomo ukafunguka wenyewe: "Zablet."

"Maana yake?" akauliza mwamuzi.

"Meza ndogo ya kuwekea taa," nikamjibu, tena bila kupepesa macho.

Akanitazama, akautazama ubao, akaitikia kwa kichwa. "Vizuri sana." Ikawa zamu ya Minza. Hakuutazama ubao, alinikazia macho mimi, na hakusema kitu mpaka muda ukaisha. Wenzangu wakapiga makofi na vigelegele, nikakabidhiwa kamusi.

Nilifika nyumbani naimba. Mama alikuwa uani anachambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye uchafu, kule. Kiingereza hakukijua hata salamu. Nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye lile neno langu nikalisimulia kwa madaha, nikidhani atacheka. Wapi! Aliacha kuchambua.

"Kwa hiyo umetia mchanga kwenye pamba," akasema.

Walikuwepo watu waliochanganya mchanga na maji kwenye pamba ili mzani upande, na mama hakupenda hata kuwasikia. "Mchanga wako umepokelewa," akaendelea, "pamba safi ya mwenzio imerudi nyumbani. Kesho tukitoka kanisani chukua baiskeli ya baba yako, umpelekee kitabu chake. Na useme ulichofanya kwa mdomo huohuo." Nililia mpaka kwikwi, hakunibembeleza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mama aliona nimeshalitia.

Nilimkuta Minza nyumbani kwa bibi yake. Nikapiga magoti kumwamkia bibi, "Mwadila, maama," kisha nikageuka kwa Minza nikasema yote, nimeinamisha kichwa.

"Nilijua," akanijibu.

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Mwalimu alishakubali. Nimwaibishe mtu mzima mbele ya watoto?" akasema. "Nilikuwa hata na 'bronze' mdomoni. Nikaona ya nini tena."

Hee, mwanangu, hapo ndipo aibu iliponiingia sawasawa! Mimi nilitumia heshima ya yule binti kama ngazi, nikapanda, nikachukua zawadi. Aliipokea kamusi kwa mikono miwili. "Wabeja," akashukuru, basi. Bibi yake, ambaye habari za Z na B hazikumhusu, akatuletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukala pamoja. Minza alifaulu ule mtihani, na mpaka leo tunapigiana simu na kutaniana.

Wiki ile ile nilikutana na yule mwamuzi gulioni. Nikamwambia na yeye. Alinitazama weee, halafu akasema polepole, "Binti, mimi nilidhani ni mimi peke yangu nisiyelijua."

Sasa nisikilize. Mimi bibi yako hapa Bariadi sina ugomvi na simu yako. Itafute, ikuletee maneno, na mimi unisomee, napenda. Lakini ukikwama, sema nimekwama. Kukaa chini hakuui mtu. Siku ile ningekaa chini, ningenuna mpaka jioni, yakaisha. Kuuliza si ujinga, na anayekuficha kwamba hajui usimfuate. Nawe ukikua ukaitwa kuamua mambo ya watu, mtoto akikuletea jambo usilolifahamu, usitikise kichwa. Mwambie, hilo silijui, tuangalie pamoja.

Maana ile kamusi ya zawadi, mwanangu, muda wote ule ilikuwa mezani mbele ya mwamuzi. Mimi naiona, Minza anaiona, mwamuzi mwenyewe ameiwekea mkono juu. Na katika wote tuliokuwa mle darasani hakuna aliyeifungua.

Mungu akupe ujasiri wa kufungua kitabu mbele ya macho ya watu. Akujalie rafiki kama Minza, na mama kama yule wangu. Nenda ukiwa na amani, mwanangu.