Mumbi Waliotembea Shambani Kwetu

Enzi zetu kule Usinge hatukuamshwa na simu. Alfajiri mumbi walianza kuunguruma bondeni kwa sauti nzito, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa kubwa. Wa rika langu mnawakumbuka: ndege weusi, wakubwa kama bata mzinga, ngozi nyekundu shingoni, wakitembea wanne kwa mstari kama wazee wanaokwenda msibani bila haraka. Walikula panzi, mijusi, hata nyoka. Sisi tuliwafuata kwa nyuma tukitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, vigumu kiasi kwamba kimoja kilikufikisha shule.

Tuliamini kabisa kwamba hawawezi kuruka. Binamu yangu Maganga aliapa kuwa mabawa yao ni pambo. Nikamuuliza, basi wanaingiaje kwenye lile tundu, juu kabisa ya mti?

"Wanapanda," alisema. "Wewe ukifika wanaacha, wanakuonea aibu."

Tundu lenyewe lilikuwa kwenye mti mmoja mkongwe wa aina ya mtundu, nusu umekauka, pembeni ya shamba letu la tumbaku. Kwetu hakuna aliyewala mumbi wala kuwarushia jiwe, na mti waliotagia haukuguswa. Bibi, mama yake baba, alitueleza sababu kwa maneno machache: hao ndio wenye mvua.

Mwaka mmoja kuni zilituishia bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, likiwa limejaa majani. Aliyewahi kukausha tumbaku anajua: moto ukizimika katikati, kazi ya msimu mzima imekwenda. Jioni baba akasema atauangusha ule mtundu.

"Mvua ni ya Mungu, Mama," alisema. Alikuwa mzee wa kanisa.

"Ni ya Mungu," Bibi akajibu. "Na waliomo mle mtini ni wa nani?"

Nadhani baba angeacha, angekwenda kuomba kuni kwa jirani. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza.

"Bibi, mbona mwaka jana walilia kila siku na mvua haikunyesha?"

Mama yangu alinitupia jicho. Baba akamgeukia Bibi akicheka kidogo. "Umesikia, Mama? Hata Kabula ameona."

Asubuhi alichukua shoka. Mti ulipoanza kulia, mumbi watatu waliokuwa nyasini walikimbia hatua chache, kisha wakaruka. Waliruka vizuri kabisa, na chini ya ule weusi mabawa yao yalikuwa na manyoya meupe ambayo hatukuwahi kuyaona. Maganga aliwafuata kwa macho mpaka wakapotea. Ndani ya tundu kulikuwa na kifaranga. Bibi alimbeba ndani ya kanga, akamlisha panzi. Kifaranga hakumaliza siku tatu.

Tumbaku ilikauka vizuri. Na msimu uliofuata mvua ilinyesha vizuri pia, kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimeisubiri ili nimwambie Bibi. Sikumwambia, maana yeye hakuwa akisubiri mvua. Kila alfajiri alisimama mlangoni, akasikiliza bondeni kusikonguruma tena, akarudi ndani.

Chuoni nilisoma kwamba mumbi hulea kifaranga mmoja tu kwa wakati, ukoo mzima ukisaidia kumlisha, na miaka hupita kabla ya kumpata mwingine. Nilisoma kwamba wanahitaji miti mikongwe yenye matundu makubwa. Bibi hakuwa na maelezo hayo. Aliyokuwa nayo bado nayapinga hadi leo, lakini yaliizuia mikono ya watu kwa muda mrefu kuliko kitabu chochote nilichosoma.

Mwaka juzi nilimwomba Maganga, ambaye sasa ni mfuga nyuki, anichongee mzinga mnene wenye mdomo mpana, uwe tundu la mumbi, tuutundike karibu na hifadhi ambako bado wanasikika mara mojamoja. Wenzake walifurahi sana. "Dada Kabula kasoma mpaka anawajengea ndege nyumba," walisema, "na sisi bado tumeezeka nyasi." Waliohamia ni nyuki. Maganga akaniletea asali, akaomba radhi kama vile ni yeye aliyewaalika. Tumechonga mwingine, mdomo mpana zaidi. Huo bado ni mtupu.

Likizo iliyopita nilimsimulia haya mtoto wa kaka yangu. Ana miaka kumi na anajua majina ya wachezaji wote wa Ulaya, hadi wa akiba. Alisikiliza kwa adabu, kidole kikiwa juu ya simu.

"Shangazi, una picha yao?"

"Sina. Hatukuwa na kamera."

"Sasa mimi nitajuaje kwamba walikuwepo?"

Sikuweza kumkasirikia, swali ni zuri. Mimi nilimbishia Bibi huku ndege wenyewe wanapita mbele yetu, na mtu angeweza kutoka nje akahakikisha. Huyu nilimchukua hadi pembeni ya shamba. Tukasimama pale kisiki cha ule mtundu kilipokuwa, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaniuliza kama tunaweza kurudi nyumbani.