Krismasi Niliyofunga Saumu

Mwanangu, kuna siku moja ya Krismasi naikumbuka mpaka harufu yake, na leo nimeamua kukusimulia kabla hujafanya ujinga. Mama yako alinipigia simu jana. Akasema daktari amekukuta na ugonjwa wa sukari, umeshaanza sindano, na umetangaza kwamba mwaka huu usitarajiwe Kisauni kwa sikukuu, kwa sababu huwezi kukaa ukiwatazama wenzako wakila. Nilicheka, dada yangu akakasirika. Sikukucheka wewe. Nilijicheka mimi mjomba wako, maana Krismasi yangu ya kwanza na sukari nusura iwe ya mwisho, na ujinga wangu ulianzia pale pale ulipoanzia wako: kudhani kwamba mgonjwa wa sukari na sahani ya sikukuu hawapatani.

Wakati huo sijafika miaka arobaini. Nilikuwa mpakiaji katika kiwanda kimoja Changamwe, na mimi na Mama Neema tulipanga chumba hapa hapa Kisauni, katika nyumba ya Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa mjane, mtu wa Mvita wa asili. Yeye alikaa vyumba viwili vya mbele, na sisi wapangaji, wengi wetu Wataita na watu wa bara, tulijaa vya nyuma. Ua ulikuwa wa wote. Idd ikifika, biriani ya Bi Rukia inapita kila mlango. Krismasi ikifika ni zamu yetu, na sahani zile zile zinarudi kwake zimejaa. Hata mbuzi wetu wa Krismasi alichinjwa na ndugu yake Bi Rukia, ili nyumba nzima ile bila mtu kusitasita. Mate yananitoka hata sasa ninapokuambia.

Na mimi nilikuwa fundi wa chapati. Usione kipara hiki. Siku ya Krismasi hakuna aliyeruhusiwa kushika kifimbo cha kusukumia ila mimi, na chapati zangu zilikuwa na tabaka unazoweza kuzifungua moja moja kwa vidole. Kuanzia Novemba watu walianza kuziulizia.

Sasa mwezi wa tisa mwaka ule nikaanza kunywa maji bila kukata kiu, nikakonda, nikaenda kupimwa, nikaambiwa nina sukari. Nikapewa sindano ya asubuhi na ya jioni. Muuguzi aliniambia mara mbili, "Ukishapiga sindano, baba, kula. Usikae na njaa." Nilimsikia vizuri. Niliitikia kwa kichwa, nikatoka pale nikimwaza mbuzi.

Desemba ilipoingia nilikuwa na swali moja tu kichwani: nitakulaje? Ndipo nikapata wazo, na nakiri nililipenda sana wazo langu. Bi Rukia naye alikuwa na sukari, tena ya miaka mingi, na sindano kama mimi. Ramadhani ilikuwa imepita majuzi tu. Mwezi mzima, kila siku niliyokuwa nyumbani, nilimwona uani tangu adhuhuri akikaanga bajia, akipika tambi na mkate wa sinia, hatii kitu mdomoni. Magharibi ikiadhiniwa anachukua tende, anaketi na watu wake, anakula vizuri kabisa. Nikajiambia, mama wa umri ule anafunga siku thelathini na sukari yake, mimi nitashindwa na siku moja? Nitafunga kutwa, sindano nitapiga kama kawaida, tumbo liwe tupu na damu iwe safi, halafu saa kumi nile mpaka nichoke. Niliona nimewazidi akili madaktari wote. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilijua Mama Neema angenivurugia mpango.

Krismasi ikafika, nami nikaamka na furaha ya mtoto. Nikapiga sindano. Mama Neema alipoleta chai nikamwambia nitakunywa kanisani. Kanisani walipoleta chai nikawaambia nimekunywa nyumbani. Niliimba sauti ya chini katika kwaya mpaka shati likalowa, nikarudi nyumbani karibu nikikimbia. Na ungeuona ule ua, mwanangu! Mbuzi yuko kwenye makaa anatoa mafuta, pilau imefunikwa kwa makaa juu na chini, kachumbari imekatwa beseni zima, kreti la soda limezamishwa kwenye barafu. Redio inaimba. Nikavua shati la kanisani, nikaketi mbele ya jiko, nikaanza kazi.

Chapati ya kumi ilitoka duara. Ya kumi na mbili ikatoka na pembe. Jasho lilinitoka, tena jasho la baridi, nami nikalaumu makaa. Mikono ikaanza kutetemeka. Nikamfokea Mama Neema kwa sababu ya chumvi, mimi ambaye siku ya nyama huwezi kunikasirisha hata ukinikanyaga. Halafu nikaichukua chapati mbichi, nikaiweka ndani ya beseni la maji ya kuoshea vyombo, nikasimama naitazama, nangoja iive ili niigeuze.

Watu walicheka. Walidhani nimeonja kitu kikali kanisani. Hapo Bi Rukia akatoka mlangoni na bakuli la kaimati tamu alizotupikia, na wifi yake yuko nyuma. Yeye hakucheka.

"Baba Neema, nitazame. Umekula nini leo?"

"Nimefunga," nikamjibu, na ulimi ulikuwa mzito.

"Umefunga? Na sindano umepiga?"

"Nimepiga."

Aliliweka bakuli chini pale pale. "Leteni soda. Upesi, na mumfungulie."

Nikafumba mdomo. Nikamwambia mimi nina sukari, wasinipe sukari, wanataka kuniua. Bi Rukia akanishika taya kwa ule mkono wake unaonukia iliki. "Sukari yako imekwisha mwilini, baba. Kunywa, maadamu bado waweza kumeza."

Nikanywa chupa nzima. Redio ilizimwa, na robo saa hivi ikapita. Kisha nikaanza kuwaona watu tena, mmoja mmoja. Nilimwona Mama Neema analia, mikono imejaa unga wangu. Bi Rukia alinipa mkate na mbaazi, akakaa ananihesabia kila tonge, na nilipomaliza ndipo akauliza.

"Nani alokufunza haya?"

Nami, kwa upumbavu uliobaki, nikamjibu mbele ya watu wote. "Ni wewe, Bi Rukia. Una sukari na unafunga mwezi mzima. Nikasema na mimi nitaweza."

Wapangaji wote walikuwa pale. Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, naye ni mtu wa dini sana, neno lake likisikizwa na wanawake wa mtaa mzima. Bi Rukia angeweza kunikemea tu, nami ningemwomba radhi, yakaisha. Ningekuwa yeye ningenyamaza. Lakini alisema mbele yao wote:

"Mimi sifungi. Mwaka wa tatu huu. Daktari kanikataza, na maalim kanambia nisijitie hatarini, nilishe maskini badala yake. Na kulisha nalisha. Lakini nala chumbani, mlango nimeufunga, na nikitoka napangusa mdomo ili watu wasijue. Niliona haya, wallahi. Na haya yangu mimi leo ilitaka kukuua wewe."

Moyo uliniuma, mwanangu, kuliko sindano zote nilizowahi kupigwa. Mwanamke yule alikuwa ameificha siri ile miaka mitatu kwa ajili ya heshima yake, na aliitoa hadharani ili mimi mlafi wa Taita nisirudie ujinga. Wifi yake alimtazama, kisha akaja taratibu, akatandika mkeka karibu naye, akaketi. "Basi leo utakula na sisi hapa nje, Rukia," akasema, na mambo yakaishia hapo.

Tukala. Wala usidhani nilipewa sahani ya mgonjwa! Bi Rukia alinipakulia mwenyewe: kachumbari na mchicha nusu ya sahani, nyama ya mbuzi iliyonona, kijiko kimoja cha pilau, na chapati yangu moja, ile ya duara. Nikaomba kaimati tatu. "Moja," akasema, "na usinitazame hivyo." Niliila ile kaimati polepole mpaka nikajua iliki ngapi zimetiwa. Kabla ya siku ile nilikuwa nakula kumi bila kujua ladha yake. Baada ya chakula akaniinua, tukatembea hadi barabara ya Malindi na kurudi, tunasalimia watu njia nzima na nguo zetu za sikukuu. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje. Nilikuwa hai na nilikuwa nimekula Krismasi.

Ramadhani iliyofuata, kila siku ambayo sikuwa kazini, adhuhuri ilinikuta chumbani kwa Bi Rukia. Tulishusha pazia kwa kuwaheshimu waliofunga, Mama Neema akatuletea uji na viazi vitamu, tukala wawili. Alikuwa akinicheka jinsi ninavyokwangua bakuli. Mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, hakula tena peke yake.

Basi nisikilize. Sindano na kipimo chake muulize daktari wako, mimi si daktari. Lakini haya nayajua kwa mwili wangu. Usijinyime chakula kutwa eti unaiwekea nafasi sikukuu, kwa maana sindano haijui kuwa leo ni Krismasi. Kunywa chai yako asubuhi, kula kwa wakati, pima damu yako, kisha jipakulie kidogo kidogo ule kwa raha. Anayekuchekea na kukujazia sahani mwambie asante, imetosha, naye hatakufa. Na kubwa kuliko yote, usijifiche. Mama yako aliniambia unapiga sindano chooni ili wenzako wa kazini wasikuone. Siku utakayoweka chapati ndani ya maji, mwanangu, nani atajua kwamba hiyo si pombe? Waambie walio karibu nawe. Huenda yuko mmoja kati yao anayekula chumbani kwa mlango uliofungwa.

Njoo Kisauni. Mbuzi tumeshamwona, na mikono yangu bado inajua unga. Krismasi asubuhi tutapiga sindano zetu sisi wawili, sebuleni, mbele ya Mama Neema na wajukuu, halafu tutakunywa chai kabla ya kanisa. Mungu akupe miaka mingi na meno ya kuila kila Krismasi. Akupe watu watakaokuuliza umekula nini leo, na akupe moyo wa kuwajibu kweli. Kaimati yako moja nimeshaiagiza.