Shakwe wa Lambo la Kisongo

Matope yaliyokanyagwa na ng'ombe yana harufu yake, na kila nikiisikia narudi kwenye lambo letu la Kisongo, Januari ile niliyoitwa mwongo mbele ya darasa zima.

Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mtu wa Tanga, wa kutusahihisha hata tunavyosalimia. Nilimwambia nimeona ndege mgeni lamboni, mkubwa, mweupe, anaelea katikati ya maji.

"Unayemsema ni shakwe," alisema. "Shakwe ni wa baharini, na bahari ni siku nzima kwa basi. Wewe umeona yangeyange, hawa weupe wanaofuata ng'ombe, binti. Usitudanganye."

Darasa likacheka. Nikwambie ukweli, niliumia kuliko kuchapwa.

Baba hakunibembeleza. Alikuwa mfugaji, na nyumbani kwetu mtu asiyeaminika kwa maneno hakupewa hata ndama wa kuchunga.

"Ng'ombe wangu akipotea," aliniambia, "nasema rangi yake, pembe, alama ya sikio, na anavyotembea. Sasa wewe huyo ndege ulimtazama, au ulimwona tu?"

Jioni nikalala kifudifudi ukingoni mwa lambo mpaka sketi ikalowa. Kesho yake nikasimama darasani bila kuitwa.

"Mwalimu, kichwa ni cheupe. Mgongo rangi ya mkaa. Miguu ya njano. Anatembea kama mtu anayeogopa kuchafua viatu. Mdomo wa njano, na kwa chini, karibu na ncha, una doa jekundu."

Mwalimu akaweka chaki mezani. Doa lile la shakwe alilijua tangu kwao Tanga, na habari yake hakuwa amemwambia mtu.

"Jana nilikosea mimi," akaliambia darasa.

Mchana tulimpeleka lamboni, lakini ndege alikuwa keshaondoka. Nikaanza kulia. Mwalimu akatoa daftari, akaandika: shakwe, Kisongo, na jina langu.

Miaka mingi nilijisifu kwamba nilimshinda mwalimu. Siku hizi natembeza wageni kwenye maziwa ya Momella, chini ya Meru, na ndege nawajua, siwezi kujifanya siwajui. Najua hata kwamba shakwe wanaokimbia baridi ya kwao, kaskazini ya mbali, hupotelea bara mara mojamoja. Mwezi uliopita mtoto wa shule kutoka Lemara alinivuta mkono, akasema ameona ndege ambaye nina hakika huku hafiki. Nilishafungua mdomo kumwambia haiwezekani, na hapo ndipo nilipojua mwalimu wangu alifanya jambo gumu kiasi gani.

Nikachuchumaa. "Miguu yake," nikamuuliza, "ilikuwa ya rangi gani?"