Choo cha mama kiliflashi kivivu miaka yote: tulichokikuta chini ya sakafu ya nyumba ya Mjerumani

Wakuu, salaam.

Mimi humu ni wa kusoma na kupita. Leo naandika kwa sababu jambo limenikaa kifuani. Kila neno hapa chini ni kweli tupu, maana sioni faida ya kuwadanganya watu juu ya choo cha mama yangu mzazi.

Nipo Morogoro. Nauza vipuri vya pikipiki Mwembesongo, ila nyumba tunayoishi na mama iko upande wa juu, pale mlima unapoanza. Ni nyumba ya wakati wa Mjerumani. Kuta za mawe, nene kiasi kwamba mtu anaweza kukaa dirishani na kukunja miguu. Mjerumani alipoondoka ikashikwa na Mhindi mwenye duka, na baba yangu, Mungu amrehemu, akainunua kwa watoto wa huyo Mhindi. Baba alitaka nyumba mpya mpya. Mama ndiye aliyeng'ang'ania hii, na hatukuwahi kuuliza kwa nini.

Sasa choo.

Tangu nakijua kinaflashi kivivu. Unabonyeza, maji yanazunguka, yanapanda kidogo, halafu yanashuka taratibu na kuacha mzigo pale pale. Sisi watoto wa nyumba ile tumekua tukijua kwamba pembeni lazima kuwe na ndoo imejaa. Mgeni akija anaelekezwa choo kilipo na ndoo ilipo. Hakuna aliyeona ni tatizo.

Ikawa tatizo mama alipopata kiharusi.

Mkono wa kulia ulilegea, na mguu wake. Alhamdulillah, kwa fimbo anafika chooni mwenyewe, anakaa mwenyewe, anajisafisha mwenyewe. Ndoo ndiyo hawezi kuinyanyua. Kwa hiyo kila akimaliza inabidi amwite mke wangu. Mke wangu akiwa sokoni, ananiita mimi.

Mama yangu ni mtu wa haya. Mwanamke ambaye nguo zake za ndani hakuna aliyewahi kuziona kwenye kamba. Leo anasimama mlangoni ameinamisha uso, amwachie mwanawe wa kiume aingie kumwaga maji juu ya haja yake. Nilikuwa najifanya naimba imba nikiingia. Yeye alikuwa anageukia ukutani.

Baadaye akaanza kukonda. Chai inaachwa inapoa, uji unarudi jikoni na bakuli lake. Midomo imekauka. Tukampeleka hospitali, daktari akasema huyu mama hanywi maji, mkiendelea hivi figo zitaharibika. Tukarudi nyumbani tukamsihi anywe. Akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, na glasi haipungui.

Mke wangu ndiye aliyeelewa. Akanivuta jikoni akaniambia, "Mume wangu, mama hanywi ili asiende."

Nilitoka nje nikalia, siwafichi.

Kesho yake sikufungua duka. Nikaanza na tenki. Nikafungua mfuniko, nikapandisha boya ili maji yajae mpaka kwenye alama, nikabadilisha na ule mpira wa chini. Bado. Nikachukua waya mwembamba na siki, nikazibua vile vitundu vya chini ya ukingo wa sinki la choo, kimoja kimoja. Vilikuwa vimeziba kweli, ila bado. Nikamwaga ndoo nzima kwa mkupuo. Hata ndoo ilishuka kwa kujivuta.

Hapo wale mafundi wa humu wameshajua. Kama hata ndoo inasuasua, tenki halina kosa. Ugonjwa uko kwenye bomba.

Nikamwita Fundi Mbaraka, jirani yetu wa siku nyingi. Akafungua chemba ya nje, safi. Akasema, "Tupasue sakafu, tusitafute mchawi." Tukapasua.

Chini tukakuta bomba la chuma la enzi hizo, kutu imeota ndani hadi imebaki njia ndogo. Lakini kilichomshangaza fundi ni mwelekeo wake. Choo kimeegemea ukuta wa magharibi, na tundu la kutokea nje liko ukuta wa kaskazini. Kwa hiyo bomba linatoka chooni, linakata kona kali, linatambaa chini ya sakafu bila mteremko wowote, linakata kona nyingine, ndiyo litoke. Maji yanafika kwenye tundu yamechoka.

"Aliyelaza hili bomba alikuwa na hasira na mtu," fundi akasema. "Hata nikiweka la plastiki kwa njia hii hii, presha hutaipata. Tugeuze choo. Tukiegemeze ukuta wa kaskazini kwenye tundu lake, mtu akikaa autazame mlima. Bomba linyooke lifuate mteremko. Kesho jioni mama anaflashi."

Nikafurahi mno. Nikaenda kumwambia mama.

Akasema, "Hakigeuzwi."

Nikamweleza tena, labda hakunielewa. Akasema, "Nimekusikia mwanangu. Choo hicho hakigeuzwi."

Wakuu, nilichanganyikiwa. Nikadhani ni habari ya kibla. Kwetu hapa kibla ni kaskazini, na mtu akikaa chooni akiutazama mlima anakuwa ameipa kibla mgongo, jambo ambalo Waislamu tunaliepuka. Nikaenda kumuuliza sheikh wa msikiti wetu. Akaniambia wako wanazuoni waliotoa ruhusa kwa choo kilicho ndani ya kuta, na kwa mgonjwa mambo ni mepesi zaidi. Nikarudi mbio na jibu langu.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sheikh yuko sawa. Kaa chini. Na fundi mwite akae."

Ndipo akatueleza.

Nyumba hii aliijenga babu yake mzaa mama. Alikuwa mwashi, Mluguru aliyeshuka kutoka Kinole, akachukuliwa na Wajerumani kujenga nyumba za wakubwa wao. Ukuta wa kaskazini ulishatobolewa tundu la choo kabla hajapewa chumba hicho. Alipoona choo kinavyotakiwa kukaa, mtu akiwa ameipa kibla mgongo, akakiweka ukuta wa magharibi, akapindisha bomba chini ya sakafu mpaka kwenye tundu lao, akafukia, akamwaga zege.

Msimamizi Mjerumani alipokuja akauliza hiki nini. Babu akamweleza. Akaambiwa avunje. Akakataa. Msimamizi akamuuliza, kwa mkalimani, choo ni cha mkubwa atakayehamia, si chako, hutakaa juu yake maisha yako yote, kinakuhusu nini kinatazama wapi?

Babu akajibu, "Choo ni chake. Mkono ni wangu."

Akalazwa kifudifudi pale uani. Hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Alipoinuliwa akaulizwa kama atavunja sasa. Akasema vile vile. Mkubwa wa kuhamia alikuwa njiani anakuja na mizigo yake, zege limeshashika, choo kikaachwa.

"Mimi nilikuwa msichana mdogo," mama akasema, "kazi yangu ilikuwa kumkanda mgongo kwa maji ya moto msimu wa baridi. Ile michirizi naijua kwa vidole. Baba yenu alipotaka kununua nyumba nikamwambia ni hiyo au nisihame. Kikiflashi kivivu, na kiflashi kivivu. Nyie mtakigeuza kwa siku moja, kwa ajili yangu? Bora nife na kiu."

Fundi Mbaraka alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe.

Mimi nikawa katikati. Upande mmoja figo za mama, upande wa pili mgongo wa mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Na mama akisema jambo ujue amelisema.

Fundi ndiye aliyepata njia. "Mama, choo hakitaondoka kilipo. Tutoboe ukuta ulio nyuma yake, huo wa magharibi. Bomba jipya litoke moja kwa moja nje, tulipindie kule nje kwenye nafasi, kona pana, mteremko wa kutosha. Babu hakuruhusiwa kutoboa ukuta wao. Sisi nani atatuzuia?"

Mama akaniangalia. Nikasema, "Ukuta wako, mama."

Akasema, "Toboeni."

Ule ukuta ulitutoa jasho. Mawe ya Uluguru yamekamatana kama yamezaliwa pamoja. Mke wangu alipokezana na sisi nyundo. Tenki tulilipandisha juu karibu na dari ili maji yashuke na nguvu, tukaning'iniza kamba upande wa kushoto, mkono mzima unakofika. Lile bomba la zamani mama aliomba lisitolewe. Tukalifukia lilipo, tukamwaga zege juu yake.

Siku ya kwanza aliingia mwenyewe. Sisi tuko sebuleni, kila mtu anajifanya ana shughuli. Tukasikia kamba, halafu maji yakashuka kwa kishindo yakaenda zake.

Hakuita mtu.

Akatoka na fimbo yake, taratibu, uso juu. Akatupita wote, akakaa kwenye kiti chake, akamwambia mke wangu, "Mwanangu, niletee maji ya kunywa. Kwenye ile bilauri kubwa."

Akanywa akamaliza. Akaomba tena.

Somo langu ni hili, wakuu. Ukiona mzee wako amepunguza kunywa na kula, usikimbilie kumgombeza wala kuulaumu uzee. Kaingie chooni kwake kwanza, ukae pale anapokaa, uone kipi kinamshinda. Na akikukatalia jambo linaloonekana jepesi, muulize mpaka akwambie.

Mafundi, nirekebisheni nilipokosea. Na nyie wengine mnaoishi na wazazi, nawauliza: mara ya mwisho kuingia chooni kwa mama yako ilikuwa lini?